Lijamu Niliyoivaa Mimi

Nasema mwenyewe kabla mtaa mzima wa Miyuji haujanisemea. Mimi nimezoea punda wa kubeba maji, na punda wetu hafungwi chuma mdomoni. Kamba na fimbo vinamtosha. Lakini Mama Neema, mfuga farasi, aliponiuliza kama naweza kumzoesha farasi wake mchanga lijamu, kile chuma cha mdomoni, nilijibu, "Hiyo kazi ndogo, mama."

Siku ya tano ya kazi, asubuhi ya baridi kali, mama akapiga simu kwamba yuko njiani na mgeni anayetaka kumnunua farasi huyo. Na farasi hata mdomo alikuwa hajafungua! Nikapaka chuma asali. Akailamba, akauma meno. Nikachungulia geti, nikarudi, nikachungulia tena. Au kinamuumiza? Nikaona nijaribu mwenyewe. Nikakitia mdomoni, nikapitisha mkanda nyuma ya masikio, nikaukaza hadi tundu la mwisho.

Hakikuumiza. Kilikuwa cha baridi kama barafu. Kumbe ningekipasha joto mikononi kwanza!

Nikataka kukivua. Vidole vyangu vya asali vikateleza kwenye mkanda. Nikavuta, nikaruka, nikazunguka zizi. Geti likafunguliwa.

Mkubwa hapitwi bila salamu. Nikainamisha kichwa: "Hihahoo."

Mama Neema akanitazama, kisha akamtazama farasi, aliyekuwa akinilamba asali shavuni.

"Marahaba," akaitikia, akamgeukia mgeni wake. "Huyu mmoja ameshazoea. Amebaki farasi."