Stuli Thelathini na Sita

Baba yangu hakuwahi kumtibu hata kuku, lakini shule nzima ilimwita Daktari. Sababu ilikuwa koti. Alikuwa mhudumu wa maabara katika sekondari ya mtaani kwetu, na kila asubuhi alivaa koti lake jeupe nyumbani, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatembea nalo barabarani kifua mbele. Mama alimsihi alivae akishafika kazini, vumbi linamtesa yeye anayefua. Baba alijibu kwamba kazi yake inaanzia mlangoni. Mama akasema sawa, basi na kufua kuanzie kwa binti yako. Ndivyo koti lile lilivyoniangukia mimi kila Jumamosi, tangu nina miaka kumi.

Nalitaja koti mapema kwa sababu ndilo lililomchongea.

Kazi yake aliijua, tuseme haki. Aliosha mirija ya kioo kwa brashi nyembamba, akaiinua mmoja mmoja mbele ya dirisha, na ukibaki na ukungu kidogo aliurudisha kwenye beseni. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili, lakini alijua tindikali ipi haipaswi kukaa rafu moja na ipi, na walimu wapya waliokuja na vyeti vyao walimwuliza kwa sauti ya chini wanafunzi wasisikie. Jumamosi nyingine alinichukua nikamsaidie. Nilisimama juu ya kreti la soda ili nifikie sinki. Huko ndiko nilikoamua kuwa mfamasia. Sikutaka uuguzi wala ualimu. Nilitaka kukaa nyuma ya kaunta na kujua kila kidonge kimetengenezwa na nini, na baba alipowaambia watu jambo hilo, alilisema kana kwamba nimeshaajiriwa.

Sasa, shule yetu ilikuwa na utaratibu wake. Mwisho wa kidato cha pili kila mwanafunzi alijaza fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata, ama sayansi ama sanaa. Kuchagua ulichagua utakacho, lakini nafasi za sayansi zilikuwa sawasawa na idadi ya stuli za maabara. Mkuu wa shule wa zamani alikuwa ameamua kwamba mtoto hawezi kufanya jaribio amesimama, na wote waliomfuata waliona hana kosa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla orodha haijapangwa, baba alizikagua stuli. Alikaa juu ya kila moja, akajitingisha kushoto na kulia mzima mzima, na ile iliyolia aliiweka pembeni. Halafu aliandika idadi kwenye karatasi yenye kaboni, akasaini, akapeleka nakala moja kwa mwalimu wa taaluma na kubaki na nyingine. Mwalimu wa taaluma alichukua majina kuanzia mwenye alama za juu za sayansi, akateremka nayo mpaka stuli zikaisha.

Mhudumu wa maabara ni mtu mdogo. Hata chai ya walimu baba hakualikwa. Ila siku moja kwa mwaka tarakimu yake iliamua mambo, na siku hiyo alirudi nyumbani akitembea polepole ili watu wamsalimie vizuri.

Mwaka wa zamu yangu alipania kweli. Wiki tatu nzima alishinda na nyundo, gundi ya mbao na waya. Jumanne moja akaingia ndani, hata koti hajavua, akatangaza, "Arobaini! Tangu niajiriwe hazijawahi kufika arobaini."

"Na umezikalia zote?" mama akamwuliza.

"Zote."

"Ndiyo maana suruali imepauka nyuma."

Tulicheka mpaka baba mwenyewe akacheka. Nilijua stuli mojawapo ni yangu. Nilikuwa mzuri darasani, si wa kwanza, lakini arobaini ni nafasi nyingi.

Mwalimu wa taaluma alikuwa rafiki wa baba. Mimi nilimwita baba mdogo, na yeye alimwita mama shemeji. Alikuja kwetu kila Jumapili alasiri, akanywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, akamsifia baba kwamba bila yeye shule ingefungwa. Mama alisema mtu yule anamvika mumewe kilemba cha ukoka, lakini chai alimwongeza. Fomu yangu niliijaza mbele yake, pale pale mezani kwetu. Kalamu ilipositasita kwenye kisanduku cha sayansi aligonga meza kwa kidole.

"Weka alama, binti yangu. Mimi nipo."

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Nilisoma kutoka juu kwenda chini, halafu nikasoma kutoka chini kwenda juu, kama vile jina langu lingependa kutafutwa kwa upande ule. Majina yalikuwa thelathini na sita. Jina langu halikuwepo. Nilihesabu tena kwa kidole mpaka msichana wa nyuma yangu akaniambia nipishe na wengine waone.

Nyumbani baba alinipokea bila mshangao wowote. "Tulia, mama," akaniambia. "Mambo yanashughulikiwa." Nilidhani ananifariji tu.

Jumamosi nililoweka koti. Kwanza nilipekua mifuko, maana baba alizoea kusahau humo chaki, misumari, hata vizibo vya chupa. Safari hii nilitoa karatasi mbili za kaboni zimekunjwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Jumanne: stuli nzima, arobaini. Ya pili ya Jumatano: stuli nzima, thelathini na sita. Mwandiko ule ule mzuri wa kulala upande, na saini ile ile yenye mkia.

Nikamfuata uani nazo mkononi, povu linanichuruzika. Alikuwa amekaa anapaka viatu rangi.

"Baba, stuli nne zimekwenda wapi usiku mmoja?"

Aliziona karatasi, akaweka brashi chini. Nitamsifu kwa hili moja, hakunidanganya. Stuli nne alizifunika turubai stoo. Mwalimu wa taaluma alimwita Jumatano asubuhi, akamwambia kwa masikitiko kwamba alama zangu hazikutosha, nimekuwa wa hamsini na kitu. Lakini wao ni ndugu. Kama Daktari ataandika thelathini na sita, hizo nne zitabaki mkononi mwake yeye mwalimu. Tatu ni za watoto wa watu fulani ambao shule haiwezi kuwakatalia. Ya nne ni ya binti yetu.

"Nilikuwa nakutafutia nafasi," baba akasema. "Kaa kimya tu. Januari utaingia."

Ningetamani kusema hapa kwamba niliwaka. Nisijitie utakatifu. Niliona aibu, ndiyo, lakini aibu yangu kubwa ilikuwa ya kuwa wa hamsini na kitu. Nilirudi kwenye beseni nikalisugua koti la baba mpaka likawa jeupe pe, na moyoni nilikuwa nimeshakubali stuli ya wizi.

Mama ndiye aliyeharibu mpango, bila kujua kama kuna mpango. Jumatatu ilikuwa siku ya malalamiko, ambapo mtoto aliyekosa anaweza kwenda na mzazi wake kuoneshwa alama. Baba alisema haina haja. Mama akamkazia macho. "Haina haja vipi? Unafanya kazi hatua mia kutoka ofisini, halafu mwanao akose hata kujua alikosea wapi? Nendeni."

Tukaenda. Mkuu wa shule wakati ule alikuwa madamu mmoja mnene, mpole, mwenye miwani ya kamba. Mwalimu wa taaluma alikaa pembeni na daftari la alama magotini, na tulipoingia alinitabasamulia kama kawaida. Alilifungua ili asome yeye. Madamu alinyoosha mkono akalichukua.

Kidole chake kiliteremka kwenye ukurasa, kikasimama. "Mbona huyu hakufanya vibaya," akasema. "Wa thelathini na nane. Pole sana, binti. Umekosa kwa nafasi mbili tu."

Thelathini na nane. Sikuwa wa hamsini na kitu, wala sijawahi kuwa. Stuli ya thelathini na nane ilikuwa yangu tangu Jumanne ile baba alipoikalia na kujitingisha. Nikamgeukia baba. Naye alikuwa amesikia.

Madamu alivua miwani. Alimwuliza kwa upole kabisa, kama anayetaka kusaidia, na hakika alitaka kusaidia. "Daktari, hakuna hata mbili unazoweza kuzifufua? Ni mwanao huyu. Hebu niambie, stuli nzima ni ngapi?"

Mwalimu wa taaluma alikuwa anatazama kucha zake. Nje, mtu alikuwa anakwangua sufuria. Nilimwangalia baba nikamwomba kwa macho, sijui mtu anaomba vipi kwa macho lakini siku ile niliomba. Neno moja tu. Neno ambalo alilitangaza nyumbani kwetu bila kuulizwa.

"Thelathini na sita, madamu," baba akasema.

Ningeweza kulisema mimi. Funguo za stoo zilikuwa kiunoni mwa baba, na turubai lenyewe lisingetuchukua dakika mbili kulifikia. Lakini karatasi zote mbili zina saini yake, na nikizitoa asingelala na kazi. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu na mama. Madamu akaniambia sanaa pia ni masomo mazuri, akaichukua fomu yangu, akakata alama ya sayansi kwa rula na wino mwekundu.

Kwenye korido baba alinishika bega. "Nimeshasaini, mama. Ningesema nini mbele yao? Lakini nafasi ipo, baba yako mdogo ameniahidi."

"Nafasi nilikuwa nayo, baba," nikamwambia. "Umeitoa wewe."

Aliuondoa mkono taratibu. Mwalimu wa taaluma alitupita na daftari kwapani, akanigonga gonga kichwani. "Usijali, binti yangu. Mimi nipo."

Januari stuli nne zilitoka chini ya turubai. Madamu aliambiwa zimetengenezwa likizo, na kwamba wanafunzi wanne wa kuhamia wameshapokelewa. Watatu walikuwa wale watoto wa watu fulani. Wa nne alikuwa binti wa dada yake mwalimu wa taaluma. Baba alipomfuata kumkumbusha, mwenzake alishangaa kwelikweli. "Daktari, si wewe mwenyewe uliyesema mbele ya madamu ni thelathini na sita? Ningemwingizaje tena mwanao, madamu akiwa ameshaikata fomu? Ungeniweka mahali pabaya."

Hayo baba alituhadithia mezani, akatuambia na lile la karatasi mbili, mama asikie yote. Nadhani alitaka tumwonee huruma kwamba kachezewa. Na kweli kachezewa, aligeuzwa mtoto mchana kweupe na mtu aliyekunywa sukari yetu miaka kumi na minne. Mama alilia kwa hasira, na Jumapili iliyofuata mlango haukufunguliwa. Lakini mimi sikuweza kuweka hasira yangu yote kwa baba mdogo. Yule alikuwa mwongo tangu mwanzo, kilemba chake mama alikiona. Baba ndiye niliyemwamini. Mimi niliuzwa na mtu aliyeulizwa swali kwa upole, akiwa na jibu.

Nilisoma historia na jiografia. Nilifaulu, nisiseme uongo. Leo ni karani wa masjala katika ofisi moja, napanga mafaili ya watu kwa namba, na siwezi kufunga kabati kabla sijahesabu mara mbili. Koti la baba niliendelea kulifua mpaka nilipohama nyumbani. Mifuko sikuipekua tena. Mara moja misumari iliuharibu mkono wa koti, na hakunilaumu.

Miaka tisa baada ya ile Jumatatu baba alistaafu. Walimfanyia hafla ya kumuaga maabarani kwake, na wageni walikalia zile zile stuli. Madamu alikuwa amehamishwa zamani. Mkuu wa shule sasa alikuwa nani kama si mwalimu wa taaluma, kitambi kimekua na sauti imenenepa. Alisimama akamsifu Daktari kwa nusu saa. Alisema kwamba kama kuna kitu shule itakikosa ni uaminifu wake, mtu ambaye akikupa hesabu huna haja ya kuihakiki. Watu walipiga makofi. Mama, aliyekaa kando yangu, alifungua mkoba wake akaufunga.

Baba akaambiwa aseme neno. Alisimama, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa anatazama chini, kwenye miguu ya wageni na ya stuli.

"Stuli zilikuwa arobaini," akasema. Kisha akakaa.

Mkuu wa shule alikuwa wa kwanza kucheka. "Mmemsikia mtu wa kazi huyo? Mpaka dakika ya mwisho anakabidhi vifaa! Arobaini, Daktari, na zote tumezipokea!" Makofi yalirudi kwa nguvu, na soda zikaanza kugawiwa. Sikupiga makofi wala sikunywa.

Tulipotoka nilimshika mkono kwenye ngazi, maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Alingoja mama atangulie kidogo.

"Umesikia nilivyosema?" akaniuliza.

"Nimesikia, baba," nikamjibu. "Lakini aliyekuuliza hakuwepo."