Ubao Mwembamba wa Mke Mwenzangu

Nilienda Homa Bay kumrudisha mjukuu wangu nyumbani. Sikuenda kutazama ziwa. Ziwa nalijua tangu nikiwa msichana, na halijawahi kunipa kitu ila samaki na homa.

Watu walinifikishia habari hadi kwangu Uriri kwamba huyo msichana, aliyeajiriwa jikoni katika hoteli moja ya ufukweni, siku hizi anashikishwa kamba na kuburutwa na boti mchana kweupe, na anacheka. Nikaacha ndama kwa jirani, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda.

Nilimkuta kando ya maji amevaa jaketi la kuelea, amelowa kama kuku wa mvua.

"Nyieka," akaniita, "umekuja kunionea wivu?"

Nyieka ni mke mwenza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa nyanya yake, kwa hivyo tunatukanana bila kukosana.

"Nimekuja kukuchukua," nikamwambia. "Mume wetu amelala kaburini kwa heshima, na wewe unaburutwa kama gogo."

Akasema haburutwi. Anasimama juu ya ubao mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, boti inamvuta, naye anapinda huku na huku akizunguka maboya sita yaliyopangwa majini. Mwenye hoteli, mama asiyecheka ovyo, alitaka mtu wa kufundisha wageni mchezo huo. Jumamosi angekuja kumtazama. Akizunguka maboya yote bila kuanguka, kazi ni yake na jikoni harudi.

"Na ukianguka?"

"Sitaanguka."

"Ukianguka unafunga mizigo, tunaenda Uriri. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja."

Akanitazama kidogo. "Na nikipita?"

"Naenda peke yangu, na mdomo nimeufunga."

"Huo mdomo unahitaji shahidi," akasema, akamwita dereva wa boti.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, zamani alikuwa akibeba abiria na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba. Naye alikuwa na shida yake. Boti inayovuta mtu lazima iwe na mtu wa pili anayetazama nyuma, amwambie dereva yule aliye majini anataka nini. Mtu wake alikuwa ameenda matangani.

"Dani, macho unayo?" akaniuliza. Dani kwetu ni nyanya.

"Ninayo."

"Basi kaa hapo."

Ndivyo nilivyopewa kazi kwenye mchezo niliokuja kuukomesha. Nikafundishwa ishara. Kidole gumba juu, ongeza mwendo. Kidole gumba chini, punguza. Mkono juu ya kichwa, nirudishe ufukweni.

Ukikaa ukimtazama mtu siku nzima, utajua anachofanya hata kama hujui kuogelea. Kwanza anachutama ndani ya maji, magoti kifuani, mikono imenyooka, ncha ya ubao imechungulia nje. Anangoja boti imwinue. Akiwa na pupa akaivuta kamba yeye, anakunywa ziwa. Akishasimama, anaegemea upande wa mbali na boti, kama unavyomvuta fahali aliyekataa kutoka soko la Ogwedhi: si kwa mikono, ni kwa mwili mzima, mshikio ukiwa karibu na nyonga. Akikaribia boya analegea kidogo, anageuza ubao ulalie ubavu wa pili, anaachia mkono mmoja, anazunguka. Mkono huo lazima urudi kwenye mshikio kabla hajaegemea tena. Na macho yatazame mbali, kule anakoenda. Ukitazama maji, utayafuata.

Kosa lake lilikuwa moja. Akichoka aliinama kiunoni, makalio nyuma, kama anayepalilia. Hapo kamba inampokonya kila kitu. Nikabuni ishara yangu mwenyewe: akipalilia, nasimama najipiga kofi la makalio, maana yake yaingize. Dereva alicheka hadi boti ikapinda.

Lakini hata akinyooka alianguka. Boya la kwanza anapita, la pili anapita, la tatu anazama polepole huku ananitazama, kama mtu anayeshuka ngazi.

"Si yeye," dereva akaniambia. "Ni ubao."

Walikuwa na mbao mbili. Mmoja mwembamba, mweusi, unang'aa, uliachwa na mgeni. Mwingine mpana, rangi imeliwa na jua.

"Huu mwembamba ni wa mtu mwepesi anayevutwa na boti ya mbio," akasema. "Mwendo ukiwa mdogo unazama. Injini yangu ni ya kubeba omena. Na huyu, Dani, usinikasirikie, si mwepesi."

"Huo ni mwili wa kwetu," nikamwambia. "Sasa mbona humwambii?"

"Nimemwambia. Anasema ule mpana ni wa watoto."

Nikanyamaza. Kunyamaza kulinifaa. Jumamosi angeanguka, Jumapili tungekuwa Uriri.

Tatizo ni kwamba nimenunua ng'ombe miaka mingi, na sijawahi kununua ng'ombe wa mlevi. Ng'ombe wa mlevi unamlipia leo, kesho mwenyewe anaamka na akili zake anakuja kulia mlangoni pako. Nikamwona mjukuu wangu amekaa jikoni kwangu akichambua mboga, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, akisema, "Ni ubao tu, Dani. Ningekuwa na ubao mwingine." Sikutaka kuishi na maneno hayo. Nilitaka aanguke vizuri, kutoka kwenye ubao unaomfaa, asiwe na la kusema.

Kwa hivyo Ijumaa jioni nikauchukua ule mwembamba chini ya khanga, nikaupeleka kwa wanawake wanaoanika omena. Wakaufunika kwa wavu, wakamwaga omena juu.

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, aliutafuta kila mahali.

"Nyieka, ubao wangu uko wapi?"

"Mimi ni mgeni hapa. Nitajuaje vyombo vyenu?"

Alinitazama kwa jicho baya sana. Mwenye hoteli alikuwa ameshaingia kwenye boti. Msichana akauchukua ule mpana, akasukuma miguu ndani ya viatu vilivyofungwa juu ya ubao, akaingia majini.

Boya la kwanza. La pili. La tatu alilipita kama si yeye, ubao umembeba kama godoro. La nne. Mimi nimekaa, mikono mapajani, namwomba Mungu aniangushie mtu mmoja tu, bila kuumia. Akitoka boya la tano, alichoka. Nikayaona makalio yanaanza kurudi nyuma. Anapalilia. Uriri hiyo hapo.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama, najipiga kofi mara mbili, kwa nguvu.

Akaniona. Akanyooka. Akazunguka la sita.

Mwenye hoteli aligeuka. "Mama, hiyo ni ishara ya nini?"

"Mbu," nikasema.

"Ataanza Jumatatu," akamwambia dereva.

Kule nyuma msichana alikuwa hoi. Mkono wake ukapanda juu ya kichwa.

"Dani, anasema nini?" dereva akaniuliza.

"Anasema uongeze mwendo."

Nilirudi Uriri peke yangu, na ubao mwembamba begani. Alinipa mwenyewe, alisema unanuka omena na paka wa hoteli wanamfuata akiushika. Sasa nimeulaza juu ya mtaro, kuku wanapitia hapo wakienda bandani, na paka wa kijiji kizima wanakuja kuulamba.

Vyumba bado ni vitatu na mtu ni mmoja. Lakini ahadi ni ahadi, na mdomo nimeufunga. Kuhusu kalamu niliyoandikia haya hakuna shahidi aliyeitwa.