Sekunde Arobaini za Selo

Malimi Chenge alikuwa na ugomvi wa karibu miaka thelathini na muziki mmoja, na ugomvi wenyewe aliuanzisha yeye.

Ilikuwa Mei 1996, meli ilipozama ziwani, siku zile ambazo mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa. Malimi alikuwa kijana wa miaka thelathini, mtunza maktaba ya muziki wa Redio Mwalo, redio ya umma inayosikika kuanzia Magu hadi visiwani. Majina ya marehemu yalikuwa yanaletwa studio kwa karatasi, karatasi juu ya karatasi, na msomaji kila akifungua mdomo sauti ilimkatika. Malimi akaenda kwenye rafu, akachomoa santuri ya muziki wa kale wa Ulaya, selo peke yake, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huikumbatia katikati ya magoti. Akapiga sekunde arobaini za mwanzo. Msomaji akavuta pumzi, akaweza kusoma.

Basi, haukuondoka tena. Tangu siku hiyo, kila saa saba mchana, matangazo ya vifo hufunguliwa kwa sekunde zile arobaini. Watu wakauita muziki wa vifo. Wapo waliozaliwa, wakaoa, wakajenga Mabatini na Kisesa, bila kujua kwamba muziki huo unaendelea baada ya hapo. Na huku mwambaoni ukazuka utaratibu ambao hakuna aliyeutunga: mwenye mgonjwa hospitalini, au mwenye mtu wake ziwani, akiusikia hutoka nje. Husimama mbali, mahali ambapo jina haliwezi kumfikia. Mwingine hubaki ndani akisikiliza, na majina yakiisha humwita: "Rudi, si wetu."

Kilichomkera Malimi ni kwamba muziki ule una dakika kumi na moja, na huzuni yake ni nusu tu. Ukipita dakika ya sita, mkono wa mpigaji unaanza kuharakisha, na mwishoni kabisa panakuja mahali panapocheka, kicheko cha mtu ambaye machozi hayajamkauka. Yeye alikuwa akipasikia maktabani, mlango umefungwa. Mkoa mzima ulikuwa umefungiwa kwenye sekunde arobaini, na aliyeufungia alikuwa yeye.

Jumapili saa nne asubuhi alikuwa na kipindi chake, *Nyuzi na Pumzi*. Nusu ya kipindi aliwapigia mabwana wa zamani wa Ulaya, nusu ya pili muziki unaotungwa leo: mwalimu wa kwaya aliyeandikia zeze na fidla, binti wa chuo aliyezipangia filimbi nyimbo za kulimia za Kisukuma. Wasikilizaji hawakuwa wengi. Malimi hakujali wingi, na hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake kubwa, kwa sababu asiyejali wingi husahau kwamba wengi nao wapo.

Ilipobaki miezi miwili astaafu, alimwendea Precious, meneja wa vipindi, mwanamke wa umri wa binti zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jumapili nataka kupiga ule wa selo. Wote."

Precious aliweka kalamu chini. "Ule wa vifo?"

"Si wa vifo. Ni muziki. Mimi ndiye niliyeupeleka msibani, na nataka niurudishe kabla sijaondoka."

"Watu watashtuka, mzee wangu."

"Nitawaambia kabla."

Hapo ndipo alipokosea, na mtu aliyekula mkate wa redio miaka yote hiyo hakuwa na ruhusa ya kukosea hapo. Nani husikiliza redio tangu mwanzo? Mtu anamenya mihogo, anawasha. Anakamua ng'ombe, anapita karibu na dirisha la jirani. Jumapili hiyo Malimi alitamka mara tatu, polepole, kwamba hakuna aliyefariki. Kisha akabonyeza, akafumba macho ili asikilize vizuri. Taa ya simu ya studio ilianza kuwaka dakika ya pili. Yeye alifumbua macho dakika ya kumi na moja.

Kule kijijini Kigongo, Atieno alikuwa nyuma ya nyumba akiwapa kuku maji. Mume wake, Ojwang, alikuwa na wiki ya tatu hospitalini mjini, ini limeharibika, na kwa jinsi madaktari walivyokuwa wakikwepa macho yake, Atieno alishaelewa. Redio ilikuwa dirishani, imewashwa na binti yake Akelo kabla hajakimbilia kanisani. Selo ikaanza. Atieno hakujiuliza kwa nini saa nne badala ya saa saba. Miguu yake ilishatoka, akasimama karibu na ua wa jirani, akangoja kuitwa.

Hakukuwa na mtu wa kumwita. Na muziki haukukatika. Dakika moja, mbili, nne. Jirani akapita na ndoo, akasimama, akasema kwa hofu, "Leo mbona mrefu hivi? Huyu aliyekufa ni nani?" Atieno akaketi chini palepale, akapiga yowe.

Mwanamke mwenye mgonjwa akipiga yowe, hakuna anayemwomba ushahidi. Kabla ya saa sita turubai lilikuwa juu, viti vya kanisa vimekuja, wanawake wamewasha moto wa chai. Simu ya Ojwang ilikuwa haipatikani, na hilo likachukuliwa kuwa jibu. Mdogo wake, Jonathan, akapanda pikipiki kwenda mjini na shuka jeupe jipya la kumfunikia kaka yake. Akamkuta ameegemea mto, anakunywa uji.

Jonathan alisimama na lile shuka mkononi, akasema amemletea la kubadilishia kitandani. Ojwang akamshukuru. Lakini habari ya namna hiyo haikai siri, na jioni alishajua kwamba ameliliwa.

Habari za Kigongo zilifika redioni, na Jumatatu kipindi cha *Nyuzi na Pumzi* kilifutwa. Malimi akapewa dirisha la kupokelea matangazo pamoja na usomaji wa vifo mpaka siku yake ya kustaafu, kwa maana nyingine akabakiwa na zile sekunde arobaini tu. Alistahili, na alijua alistahili, lakini kujua hakukumpunguzia uchungu.

Jumatano alibeba kilo mbili za sukari akaenda Kigongo. Turubai lilikuwa limeshushwa, nguzo bado zimesimama. Hakuna aliyetaka kuzing'oa. Walikuwa wanaogopa, wazee wa pale walishaanza kunong'ona kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Atieno alimpa kiti. Malimi akavua kofia.

"Mama Akelo, nimekuja kuomba msamaha. Nilitangaza kwamba hakuna aliyekufa, lakini najua hukusikia."

"Sikusikia, baba."

"Nilitaka watu waujue ule muziki kama muziki."

Atieno aliichukua sukari, akaiweka pembeni bila kuitazama. "Shida si kuupiga," alisema. "Shida hukusoma jina. Ungesoma jina, tungejua ni msiba wa nani. Hukusoma, kwa hiyo kila mtu aliweka la kwake."

Malimi akavaa kofia yake. Alirudi Mwanza, na kwa siku nyingi, kila ilipofika saa saba, kidole chake kilisita juu ya kitufe.

Wiki ya tatu baada ya hapo Atieno alikuja dirishani, kichwa amekifunga kitenge cheusi, Jonathan nyuma yake. Malimi alimwona akasimama.

"Ni juzi," Atieno alisema. "Sasa ni kweli."

Malimi alisema pole, na ile pole ilimtoka vibaya, kama mtu anayekiri kosa. Akachukua fomu ajaze mwenyewe. Akaandika jina, kijiji, siku ya mazishi.

"Mama, kama hutaki ule muziki, nitasoma bila muziki. Nitaelewa."

"Mimi siutaki," alisema Atieno. "Lakini Ojwang aliusikia. Siku ile, muuguzi alikuwa na redio wodini. Sisi tunamlilia huku, yeye kule anasikiliza. Aliusikia wote, hata mwanzo, mliposema hakuna aliyekufa. Aliniambia mwishoni panacheka." Akaigusa fomu kwa kidole. "Anayezikwa ni yeye. Piga wote."

Precious alikuwa mlangoni, amesikia. Malimi akamgeukia kuomba.

"Taarifa ya habari ni saa saba na nusu, mzee," Precious alisema. "Usiizidi."

Safari hii alianza na jina. Alisoma kwamba Ojwang wa Kigongo amefariki, kwamba anaacha mjane, Atieno, na watoto, kwamba mazishi ni Jumamosi. Kisha akaongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye fomu: "Muziki unaofuata ni wa Ojwang peke yake. Wengine wote, bakini ndani."

Akabonyeza. Hakufumba macho. Aliitazama taa ya simu, nayo haikuwaka dakika ya pili, wala ya tano. Kupitia kioo aliliona benchi la wanaongoja matangazo, chini ya spika, Atieno na Jonathan wameketi hapo. Selo ilipoanza, Jonathan alimshika shemeji yake mkono ili amtoe nje, kwa mazoea tu, kama ambavyo mtu yeyote wa mwambaoni angefanya. Atieno akautoa ule mkono taratibu. Hakuwa tena na mtu ambaye angetoka nje kulikimbia jina lake. Alikaa mpaka muziki ulipofika mahali pale alipopasema Ojwang, akavuta kitenge chake, akajifunika uso.