Kuku wa Tatu

Siku hizo niliishi Shieywe, na kila mwezi nilichora picha ya jalada la jarida la kanisa letu, bure, bila hata kuambiwa ahsante. Nilivumilia kwa ajili ya msichana mmoja wa kwaya ya Lugari. Barua nilizomwandikia zilifunguliwa na baba yake. Lakini jarida baba huyo aliliingiza nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa karani wa kanisa la huko.

Mara ya kwanza nilificha maneno kwenye majani ya mti, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nikajiona mjanja. Tulipokutana kwenye mashindano ya kwaya, akanionyesha jarida lake. Mjini picha ilikuwa imepita kwenye mashine ya kutoa nakala, na Lugari baba yake akatoa nakala ya ile nakala. Mti wangu ulikuwa mweusi tititi.

"Haya, soma," akaniambia, akicheka.

Nilikasirika, kisha nikafikiri. Mashine hula vidogo, vikubwa huviacha. Tukakubaliana kwamba wazee wa kwetu wakikubali kwenda kumposa, atahesabu kuku uani: mmoja ni Jumamosi ya kwanza, wawili ya pili. Na kwa kuwa mashine sikuiamini tena, madirisha na miti ningechora idadi hiyohiyo. Siku hiyo ilikuwa lazima awe nyumbani. Kila Jumamosi alitumwa kwa shangazi yake, na wazee wangu wangemkosa wasingerudi tena.

Nilichora kuku watatu. Jumamosi ya tatu, tukiwa tumeshafika Lugari, nikaliona jarida la huko mkononi mwa mama mmoja. Kuku walikuwa wawili! Nilitaka kulia mbele za wazee.

Tukamkuta mlangoni pa jikoni, amesuka nywele, ugali wetu, obusuma, uko tayari.

"Kuku walikuwa wawili," nikamnong'oneza.

"Na madirisha matatu, na miti mitatu," akajibu. "Nikafuata wengi."

Miaka ilipita. Jioni moja baba mkwe alikuwa kwetu, amempakata mjukuu wake, akaliangalia paja la kuku kwenye sahani yake, akacheka peke yake.

"Ile ingokho ya tatu ni mimi nilifuta," akasema. "Na wino nyeupe. Nilionanga huo mchezo wenu. Nikataka kujua kama huyu msichana anakutaka kweli."

Akang'ata nyama, akatafuna polepole.

"Lakini madirisha niliacha."