Siku Niliyobeba Kiti cha Kikundi Kwenye Feri

Wengi wenu mmeshaiona ile video, kwa hivyo sina haja ya kujifanya. Yule mzee mwenye upara aliyesimama nyuma ya kiti, kofia mkononi, ndiye mimi, na yule mama aliyefumba macho ndiye mke wangu, Mama Sidi, na nyinyi mlionitumia na kuandika chini yake "Mungu ni mwema" nawashukuru, lakini niacheni nieleze ilivyokuwa, maana tangu siku ile nikipita sokoni hapa Timbwani watu hunipisha njia na mimi sijafanya lolote la kupishwa.

Mimi nimestaafu kazi ya kuendesha kreni bandarini, na mtu aliyekaa juu ya kreni miaka yote ile huzoea kuamini kwamba hakuna kizito kisichosogezeka, ni kutafuta tu pa kushikia. Mama Sidi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, naye amestaafu. Tulipobaki wawili nyumbani tukajiwekea desturi yetu, kila Alhamisi alasiri twavuka feri, twafika Laithausi pale ufukweni, twala mihogo ya kukaanga na kachri, zile krispi za mihogo, twatazama meli zikiingia (mimi nazitazama na kuzikosoa, yeye anakula), kisha twarudi nyumbani. Hayo ndiyo matembezi yetu yote, hatuna mengine.

Basi masika iliyopita goti lake likaanza. Si goti la kutisha, ni goti la umri, akitembea kidogo halisemi kitu, lakini akisimama mahali pamoja linamuuma hadi machozi. Sasa feri ni kusimama. Unasimama kwenye foleni, unasimama kungoja mlango ufunguliwe, unasimama ndani ukibanwa na mikokoteni ya nyanya. Viti vipo kule juu, lakini kufika juu ni ngazi za chuma, na ngazi hizo alizitazama mara moja tu akasema, "Baba Sidi, nenda wewe. Mimi niletee kachri."

Nikawa naenda peke yangu. Niwaambie kweli, niliumia. Mihogo ya peke yako haina ladha, na mara ngapi nimeona meli imeingia vibaya, nikageuka kumwambia mtu, nikakuta pembeni yangu ni paka. Nilimtaka mke wangu arudi kwenye Alhamisi yetu, hilo tu ndilo nililokuwa nikilitaka, na hilo ndilo lililonifanya nifungue stoo.

Ndani ya stoo yetu vimepangwa viti vya plastiki vya bluu vya kikundi cha akina mama wa kanisani kwetu, na mtunzaji wake ni Mama Sidi. (Sisi viti vyetu ni vya mbao, vizito, kukibeba kimoja hadi sebuleni ni shughuli.) Viti vile vya kikundi havitoki ila kwa harusi na matanga, na kila kimoja kimeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa ambazo hata mwenye miwani mbovu atazisoma, AKINA MAMA TIMBWANI. Nikatoa kimoja.

"Hicho ni cha kikundi," akasema Mama Sidi.

"Nawe si mwanakikundi?"

"Watu watatuonaje, mtu kujibebea kiti kwenye feri?"

"Watamwona mama amekaa. Kinaenda, kinarudi. Hakuna atakayejua."

(Hayo maneno ya mwisho naomba msinikumbushe.)

Alinitazama, akalitazama goti lake, kisha akaingia chumbani, na alipotoka alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Jamani, nilifurahi. Nilifurahi hata nikachukua kofia yangu ya pama, ile ya sherehe, nikaivaa, tukapanda tuktuk, kiti nimekipakata kama mtoto.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Kwenye foleni niliweka kiti, Mama Sidi akakaa, foleni ikisogea anasimama, nasogeza, anakaa tena. Mtu mmoja aliniuliza kiti nauzaje, nikamwambia hakiuzwi, chakaliwa. Mwengine akauliza vyengine viko wapi. Niliwajibu wote kwa upole kwa sababu nilikuwa nimeshinda, na Mama Sidi alikuwa akichekacheka chini chini vile anavyocheka akiwa na raha lakini hataki nijue kwamba nimepatia.

Tukaingia ndani. Nikatafuta mahali pazuri, katikati, mbali na magari, nikaweka kiti, akakaa. Upepo ulikuwa mkali, kwa hivyo akajifunika kanga yake miguuni hadi chini, viatu visionekane. Nami upepo huo huo ulitaka kuniondolea pama, nikaivua, nikaishika mkononi, nikasimama nyuma yake na mkono mwengine nimeuweka kwenye kiti ili kisiteleze. Sasa fanyeni kujionea wenyewe. Mama mtu mzima, amefunikwa miguu, amekaa peke yake kati ya watu mamia waliosimama, na nyuma yake mzee amesimama kimya, kofia mkononi, mdomo wa kofia uko juu.

Shilingi ya kwanza ilipoingia nilidhani imeanguka.

"Ndugu, umeangusha," nikamwambia aliyepita.

"Ni yako, mzee. Mungu amsaidie mama."

Nikataka kumrudishia, lakini yeye alishazama kwenye umati, na nilipogeuka mama mmoja akatia nyengine, na mwengine nyuma yake, tena huyo alinishika bega akaniambia nijikaze. Nikaigeuza kofia. Zikamwagika. Watu wakainama kuniokotea, wakazirudisha zote kofiani na kuongeza, wakidhani mikono yangu imeanza kutetemeka kwa uzee.

"Baba Sidi," akasema mke wangu bila kugeuka, "ni nini kinachoanguka huko nyuma?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Hapo ndipo yule mhubiri akatuona. Alikuwa upande wa pili akihubiri kwa kipaza sauti kidogo cha kuning'iniza kifuani, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza, na sisi ndio tuliokuwa jambo la kwanza la kumfaa siku hiyo. Akaja moja kwa moja, watu wakampisha.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe," wakajibu wachache.

"Mzee, mama huyu ameteseka tangu lini?"

Mimi, badala ya kusema hateseki, nikajibu swali. (Hiyo ni tabia yangu. Mama Sidi amenilalamikia tangu tuoane.) "Tangu masika," nikasema, "ni goti tu."

"Tangu masika!" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Na madaktari wamefanya nini?"

"Walimpa dawa ya kupaka."

"Madaktari wamempa dawa ya KUPAKA!" Na feri nzima ikasikitika. Sijawahi kusikia dawa ya kupaka ikionewa huruma kiasi kile.

Sasa mjue sisi ni watu wa kanisa la kimya. Kwetu mtu hufungua kitabu cha nyimbo, akaimba alichoandikiwa, akafunga kitabu. Mama Sidi hajawahi kuwekewa mkono kichwani tangu kipaimara. Huyu bwana akamwekea. Mke wangu akafumba macho, na nyote mliosema kwenye video kwamba mama alikuwa amezama katika maombi, alikuwa amezama katika kunitafutia adhabu, mimi namjua.

Mhubiri akaomba. Akaombea goti, akaombea mguu, akapanda hadi kiunoni, na kadiri alivyoomba ndivyo watu walivyosogea na simu zilivyonyanyuka. Nilijaribu kusema. Nilisema wazi kabisa, "Bwana, mama anatembea." Akanigeukia machozi yakimlengalenga, akawaambia watu, "Mmesikia imani ya mzee huyu? Anasema mama ANATEMBEA!"

"Mama," akapaza sauti, "simama!"

Na wakati huo huo feri ikagonga ng'ambo.

Mnajua feri ikifika hakuna anayebaki amekaa, ukikaa utakanyagwa. Mama Sidi alisikia ule mshindo, akafumbua macho, akakunja kanga yake vizuri, akasimama. Alisimama kama mtu yeyote aliyefika anakokwenda. Lakini kelele zilizopigwa hapo sijawahi kuzisikia hata bandarini siku waya wa kreni ulipokatika. Vigelegele, haleluya, mpishi mmoja wa chapati akapiga magoti. Na mke wangu, kwa ile aibu, akaanza kutembea. Jamani, alitembea! Aliupanda ule mlima wa kutokea bila kumtazama mtu, mgongo wima, kwa kasi ambayo sikuiona kwake tangu ujana, watu wakikimbia pembeni kumrikodi.

Nami nikabaki na kiti, kofia na mhubiri.

Nikabeba kiti kichwani nimfuate, na hilo nalo lilikuwa kosa, maana sasa kila mtu alikiona kitupu, kimeinuliwa juu, kimeandikwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa wa kifua akanishika shati. "Baba, mkalishe huyu kidogo tu." Nikamtazama yule mtoto, nikatazama macho ya mamake. Nilitaka kumwambia kwamba hiki ni kiti cha harusi na matanga, hakina lolote. Nikakishusha. Mtoto akakaa, akanichekea, nikammiminia mamake hela zote za kofia kwenye kanga yake, nikamwambia ampeleke hospitali leo hii, asingoje. Na nilipoinua kichwa nyuma yake kulikuwa na foleni.

Mhubiri alitaka kiti kibaki kwake kiwe ushuhuda. Nikamwambia haiwezekani, ni cha kikundi. Akashika mguu mmoja, nikashika mgongo, tukavutana kwa heshima, yeye akiimba na mimi nikisema "tafadhali," hadi askari akaja akauliza kiti ni cha nani, umati wote ukasoma kwa pamoja, kwa sauti, "AKINA MAMA TIMBWANI." Nikaachiliwa.

Mama Sidi nilimkuta Laithausi ameshaagiza mihogo, sahani moja. Nikaweka kiti. Hakukikalia. Alikaa kwenye ukuta. Meli iliingia vibaya, vibaya sana, nikamwambia, yeye akaendelea kula. Wakati wa kurudi alipanda zile ngazi za chuma, zile zile, akishikilia chuma na kukunja uso kila hatua, ili tu asionekane yuko pamoja nami kule chini. Nilimtazama akipanda na nikajua nimempoteza, hiyo ndiyo Alhamisi yetu ya mwisho, na nimeiua mwenyewe kwa mikono yangu.

Video ilivuka kabla yetu. Tulipofika, jirani yetu Bi Mwanaisha alikuwa mlangoni pake, simu mkononi.

"Subhanallah, Mama Sidi! Kumbe ulikuwa huendi kwa miguu, na mimi jirani yako nakuona kila siku wafagia uwanja?"

"Nilikuwa nafagia, Bi Mwanaisha," akasema mke wangu, akaingia ndani.

Jua lilikuwa halijatua na akina mama wa kikundi wakaingia, wote, na Mama Pendo kiongozi wao mbele, wakakaa kwenye viti vyetu vya mbao. Nilidhani wamekuja kutoa pole au kumshukuru Mungu. Mama Pendo akaweka simu mezani, video imesimamishwa pale mgongo wa kiti unaposomeka.

"Mama Sidi, muujiza tutauzungumza Jumapili. Kwanza utuambie, kiti cha kikundi kilikwenda kufanya nini kwenye feri? Ni nani aliyekitoa?"

Nikakohoa nijiandae kukiri. Mnajua mke wangu hasemi uongo, amefundisha watoto wadogo maisha yake yote wasiseme uongo.

"Nilikitoa mimi," akasema Mama Sidi. "Nilitaka kutoka na mume wangu, na goti langu halisimami. Kama ni faini, nitozeni."

Wakatazamana. Mama Pendo akaichukua simu yake pole pole, akaifunika. Mama mmoja kule nyuma akauliza kwa sauti ndogo kama goti kweli limepona. "Linauma vilevile," akajibu, "na leo zaidi, nimepanda ngazi." Wakanywa chai, wakaondoka.

Sikujua pa kuangalia. Nikakusanya vikombe, nikaviosha vyote, hata visivyotumika. Alipokuja jikoni alisimama mlangoni.

"Alhamisi ijayo tutapanda juu," akasema. "Nitashika bega lako, twende pole pole. Ufunguo wa stoo nitakaa nao mimi. Na ile kofia, Baba Sidi, sitaki kuiona tena."

Basi ndivyo tunavyokwenda mpaka leo. Nimeapa, kiti sibebi tena, iwe feri, iwe kanisani, hata matangani nikiambiwa nisaidie kupanga viti huwa nasingizia mgongo. Zile ngazi twazipanda, yeye analalamika, mimi nanyamaza. Na kila tukifika juu, hata pajae vipi, lazima mtu atamtambua, atasimama na kuwaambia wengine, "Mpisheni mama wa muujiza," nao wampishe, naye hukaa, hushukuru, hutandika kanga yake vizuri. Mimi husimama pembeni yake, kichwa wazi, jua lanichoma upara hadi ng'ambo.