Mlio wa Antena Mlangoni kwa Mzee Wanyonyi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa kwa ufagio. Foreman, msimamizi wa gereji moja karibu na Jogoo Road, aliniona na ovaroli mpya, akadhani ni msichana wa chai. Nilifagia, tena kwa hasira, kisha nikasimama mbele yake na bisibisi mkononi. Akacheka. "Haya mama wa nyaya, kuja usikize." Ndivyo nilivyoingia katika umeme wa magari, na sikutoka mpaka macho yalipochoka.

Foreman alikuwa na domo, lakini kazi aliijua. Hakuna aliyeruhusiwa kufungua mota kabla ya kuisikiliza. Alinianzisha kwenye antena za umeme, zile za magari ya zamani zinazopanda zenyewe ukiwasha redio na kushuka ukiizima. Ndani yake mna kamba ngumu ya naironi yenye meno. Mota huzungusha gia, gia hushika yale meno, na kamba husukuma fimbo juu. "Mota ikiguna halafu inyamaze, usiilaumu," alisema. "Kamba imekatika, kipande kimeikaba."

Baadaye nilifanya kazi chini ya Meneja wa karakana moja ya malori huko Industrial Area. Yeye alikuwa mtu wa haraka. "Toa, weka ingine, gari iende!" Nilimheshimu, ila kuelewana hatukuelewana. Nilipochoka naye nikafungua kibanda changu mtaani Mbotela.

Hapo ndipo Mzee Wanyonyi, karani mstaafu wa reli, aliponiletea gari lake kuukuu. Antena ilikuwa imekwama. Niliwasha redio, mota ikaguna, kimya. Nikajisikia nikisema maneno ya Meneja: nitamtafutia nyingine ya gari la kisasa, isiyo na kelele.

"Hapana, fundi. Hiyo kelele ndiyo nataka."

Nilidhani ananitania. Kumbe mkewe, Mama Nafula, alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Mchana jirani alikaa naye, lakini jioni alijifungia kwa komeo na kuogopa kila anayebisha. Miaka yote mzee alipoegesha gari na kuzima redio, antena ilishuka ikinguruma pale mlangoni, naye akafungua. Sasa ilikuwa imenyamaza.

"Nikiita, ananiambia niende zangu, ati Wanyonyi wake bado yuko kazini," akasema. "Nalala kwa jirani, fundi. Mlango wangu nauona dirishani."

Nikafungua buti la gari, nikaitoa mota na kuichokoa vipande vya naironi mpaka ikazunguka kwa sauti yake ileile. Kamba nzima niliipata kwenye gari lililokuwa likivunjwa kwa ajili ya spea. Kuirudisha ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye redio, mwingine ameshika kamba, meno yakiielekea gia. "Zima, mzee!" nikapaza sauti. Mota ikaimeza kamba yote, nami nikakaza nati.

Jioni hiyo nilifuatana naye hadi kwake, maana sikuwa na hakika. Aliegesha, akazima redio. Antena ikashuka ikinguruma. Hajafungua hata mlango wa gari, nikasikia komeo likivutwa.

"Baba Nafula, umekawia leo. Wamekusumbua kazini?"

"Sana, mama. Lakini nimefika."

Nililia palepale barabarani, na sioni haya kulisema.

Mama Nafula alifariki nilipokuwa najiandaa kustaafu. Familia iliporudi kutoka mazishini kijijini kwao, upande wa magharibi ya nchi, mzee alikuja kibandani.

"Fundi, hiyo antena, inyamazishe."

"Imeharibika tena?"

"Iko sawa kabisa. Inalia vizuri, halafu mimi nabaki nimekaa kwa gari, naangalia mlango."

Siku hizi niko Tassia, na mafundi chipukizi hunijia kuuliza namna ya kufufua hiki na kile. Nawaeleza kwa moyo mweupe, na wakikosea nawafokea. Lakini kazi iliyokuwa nzito kuliko zote mkononi mwangu ni ile ya siku hiyo, na haikuwa ya kufufua kitu. Mota ilikuwa nzima. Nilichomoa waya wake mmoja, nikaufunga utepe mweusi vizuri ili siku akiutaka uwe rahisi kurudisha. Hakuutaka tena.