Mvua Iliyotukuta Kibandani

Juzi nilishuka kwenye basi mjini Salama kununua mahindi ya kuchoma. Mama aliyekuwa akiyachoma aliishiwa na makaa, akatia motoni kicha cha vijiti vya mbaazi vilivyokauka, na moshi wake ukanijia usoni. Una utamu fulani moshi ule, na ndani yake mna vumbi la shambani. Nilisimama pale na hindi langu mkononi hadi likapoa, mama wa watu akaniuliza kama chumvi imezidi. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba nilikuwa nimenusa paa la kibanda chetu cha sikukuu?

Nyinyi nitawaeleza. Nilizaliwa kijijini Kalamba, katika nyumba ya Wayahudi. Ndiyo, Wayahudi, na ndiyo, Wakamba kabisa, wa kula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kuchimba maji mchangani. Umau, babu yangu, alikuwa fundi wa mbao Nairobi, na kwa miaka mingi aliifanyia kazi familia moja ya Kiyahudi ambayo ilimzoea hata ikawa inamkaribisha mezani. Alipozeeka alirudi nyumbani na misumeno yake, kitabu cha sala na imani mpya. Susu, nyanya yangu, alimtazama muda mrefu, kisha akamfuata. Alisema hangeweza kuinjika vyungu viwili vya dini kwenye mafiga yale yale. Baadaye jamaa wachache wa kule kwetu walijiunga nao, na Umau alipofariki, Baba akawa ndiye msomaji wa sala.

Majirani walituita watu wa Jumamosi, bila ubaya wowote. Kilichowachekesha ni kibanda. Kila mwaka, karibu na mvua za mwisho wa mwaka, huja Sikukuu ya Vibanda, na kwa wiki nzima tulikuwa tukila nje, ndani ya kibanda ambacho paa lake limeezekwa kwa mimea na kuachwa wazi kiasi cha mtu kuona nyota. Kwingine hutumia makuti. Sisi tulikuwa na vijiti vya mbaazi.

"Mna nyumba ya mabati, mnahamia kwa vijiti," Mama Kyalo, jirani yetu, alikuwa akisema kila mwaka. "Haki, nyinyi mnatafuta taabu na tochi."

Baba alimweleza, kila mwaka vilevile, kwamba kibanda kinamkumbusha mtu kuwa hata bati halimlindi, Mungu ndiye anayemlinda, na kwamba ndani yake tumeamriwa kufurahi. Mama Kyalo alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao na alijua mambo ya amri, lakini hiyo ya kufurahi ilimshinda. Alisema kuamriwa usiibe anaelewa, ila kuamriwa ufurahi ni kama kuamriwa kupiga chafya.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa msichana wa darasa la nne, na mvua ilikuwa imetukwepa misimu miwili mfululizo. Ng'ombe wetu alikuwa amebaki mifupa na macho. Watu walipanga foleni kungoja mwolyo, chakula cha msaada, na lori lilikuja likijisikia. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, uji wa mtama, na siku ya mfungo mkuu ilipofika Baba alisema mwaka huu imetukuta tukiwa tumeshafanya mazoezi. Tulicheka, ingawa njaa si jambo la kuchekwa.

Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuliwa ambacho hakikuliwa. Juu ya moto jikoni kilining'inia kibuyu cha Susu cha mbegu: mahindi, kunde na mbaazi, zimechanganywa na jivu zisiingiwe na wadudu. Mimi nilikijua kibuyu kile kuliko nilivyowajua binamu zangu. Nilikuwa nikilala chali jikoni nikikitazama, nikipika kwa mawazo, nikiongeza hata vitunguu.

Mama naye alikuwa akikitazama. Siku chache kabla ya sikukuu, majirani walipoanza kupanda kwenye udongo mkavu wakingojea mvua, alisema wazi.

"Mwaitu, hii mbegu tupike," alimwambia Susu. Mwaitu ni mama, na ndivyo yeye na Baba walivyomwita. "Mwaka jana tulipanda kavu, ikaliwa na mchwa. Watoto wanakonda nikiona."

"Tukipika, tutashiba wiki," Susu alisema. "Halafu mvua ije itukute tumesimama mikono mitupu?"

"Na isipokuja?"

Susu alikuwa na neno lake la kila siku, alilolirithi kwa Umau, naye Umau alilitoa kwenye ile meza ya Nairobi. "Hili nalo ni la heri." Alilisema punda alipomwaga maji yote njiani. Alilisema mbuzi alipotafuna shuka lake la pekee. Siku ile alipofungua kinywa kulisema, Mama alimkata.

"Hapana, Mwaitu. Usiniambie njaa ni ya heri. Leo usiniambie."

Sijawahi kumsikia Mama akimjibu Susu hivyo, wala kabla wala baada. Nilitaka ardhi inimeze. Susu hakukasirika. Alivuta kigoda, akamketisha Mama kando yake, na walikaa hivyo hadi uji ulipoanza kushika sufuria. Mwishowe ni Mama aliyeinuka akakishusha kibuyu. Kesho yake tulipanda, sote, chini ya matuta ambapo maji hukaa, kama yangekuja. Nilikuwa nadondosha mbegu na kuzifukia kwa kidole cha mguu, na kila niliyoifukia niliiaga kama mtu. Tumbo langu lilikuwa linaenda kuzikwa shimo kwa shimo.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo shida yangu ilipoanza. Jioni ya kwanza ya sikukuu Mama Kyalo alikuja kututembelea kibandani, maana kukaribisha wageni ni sehemu ya furaha yenyewe. Alikuja na maboga mawili madogo, Mungu ambariki, akamgeukia Baba, aliyemwita kwa jina langu, akauliza swali la maana sana.

"Sasa Baba Mwende, huyu Mungu wenu si mumuombe mvua?"

Baba alimwambia tutaomba, lakini si leo. Sala ya mvua ina siku yake, siku ya nane, sikukuu ikiisha. Kuomba mvua huku unakaa kwenye kibanda chenye paa la vijiti ni kujichanganya. Tena wazee wa zamani walifundisha kwamba mvua ikiwanyeshea watu kibandani, ni kama mtumishi aliyemletea bwana wake kikombe, bwana akakichukua akammwagia usoni. Bwana anasema: sitaki huduma yako.

Mama Kyalo alisema, "Ai!" na mazungumzo yakageukia maboga. Mimi sikugeuka nayo. Ile picha ya kikombe iliniingia hadi kwenye mifupa. Mbegu zetu zote zilikuwa ardhini zikisubiri mvua, na mvua ikija wiki hii, itakuwa ni Mungu anatumwagia usoni. Tungekula, lakini tungekuwa tumekataliwa. Nikawa mtoto mwenye sala mbili zinazopigana. Asubuhi nikiona anga jeupe, nilisema, tafadhali lete. Jioni mawingu yakijikusanya upande wa kilima, nilisema, tafadhali ngoja. Sidhani kama kuna mtu aliyemsumbua Mungu Kalamba nzima kama mimi wiki ile.

Na Susu alikuwa anaimba! Hilo ndilo lililonichosha. Meza ilikuwa na uji na boga, naye alipiga makofi na kutuimbisha mpaka Mama mwenyewe, aliyekuwa bado na uso wa kuzilia mbegu zake, akaanza kuitikia. Nilimtazama Susu nikajiambia, huyu anajua kitu. Lazima kuna kitu ameambiwa.

Ilinyesha katikati ya sikukuu, jioni, tukiwa ndio tumeketi. Tone la kwanza liliangukia uji wangu. La pili likamwangukia Baba kwenye kitabu. Kisha ikaja yote kwa pamoja, ikipita kwenye vijiti vya mbaazi kana kwamba havipo, na harufu ya udongo ikapanda hadi kooni. Kutoka kwa Mama Kyalo tulisikia vigelegele. Kwetu hakuna aliyeshangilia. Baba alikuwa amesimama na kitabu chini ya koti, na nilimwona usoni kwamba naye alikuwa anakikumbuka kile kikombe.

Nikaanza kulia. Nilisema kwa sauti, "Ametukataa. Ametumwagia."

"Mwaitu, tuingie ndani," Baba alisema. "Ikinyesha ruhusa ipo."

Susu hakusogea. Maji yalimchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye mikunjo ya uso, na bakuli lake alilishika mbele kwa mikono miwili kama anayepokea kitu kwa mgeni. "Walioandika hayo walikuwa na visima," alisema. "Mkamba amwagiwe maji usoni mwaka kama huu, aseme amekasirikiwa? Tafuta baraka ya mvua, mwanangu. Haiwezi kukosa humo."

Ilikuwemo. Baba hakuwahi kuisoma maishani mwake. Alipekua kurasa zilizoanza kugandana, akaikuta, akaisoma akipaza sauti kuishinda mvua: tunakushukuru kwa kila tone ulilotuteremshia. Mama alisema amina kabla hajamaliza. Mimi nililia tena, na safari hii sikujua kwa nini.

Ningependa kuwaambia mvua iliendelea. Haikuendelea. Ilinyesha jioni ile tu, na siku zilizofuata jua lilirudi na hasira mpya. Siku ya nane, baada ya Baba kusali sala ya mvua, Susu alinishika mkono tukatembea hadi shambani. Mahindi yalikuwa yametoka, membamba kama sindano, na udongo ulishaanza kushika ukoko kuyazunguka. Hakukuwa na wingu hata la dawa. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba anajua.

"Susu, itanyesha?"

Alinitazama kwa uso ule ule wa kibandani. "Sijui, mwanangu," alisema.

Nilimkasirikia. Nilihisi nimedanganywa na makofi yale yote. Mahindi yaliungua, kama mlivyokwisha kisia. Kunde zilibaki chache, mbaazi zikavumilia kwa tabia yake, na mvua iliporudi wiki kadhaa baadaye zilikuwa bado zinapumua. Tulikula mbaazi mwaka ule hadi ndugu yangu akaapa hatazionja tena akiwa mtu mzima. Anazila.

Susu alishatutoka. Mimi nina watoto, na mwaka jana mume wangu alilazwa wiki nyingi, madaktari wakizunguka maneno. Jioni moja binti yetu aliniuliza kama baba yake atapona. Nilikuwa jikoni nikimpikia chakula cha Sabato cha kumpelekea hospitalini, na bila kukusudia nilikuwa naimba. Niligeuka nimjibu, na neno lililonitoka ni lile nililolikasirikia shambani. Ndipo nikamwona Susu vizuri kwa mara ya kwanza: hakuwa ameambiwa kitu chochote. Alikuwa na hofu kama sisi sote, na aliimba.

"Sijui," nilimwambia binti yangu. "Nipe mwiko."